Rufaa ya Mama

Wizara ya Fedha, Idara ya Bajeti
14 Januari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Na huyo aliyekaa pembeni yako anasikiliza, shikamoo sana Mama. Najua barua zangu zinasomwa kwa sauti, kwa hiyo nitaandika kwa adabu. Bado hutaki simu, Mama? Mke wangu anasema nikununulie ile yenye sauti kubwa, nikamwambia Mama ameshasema simu inamla maneno, basi.

Sisi wazima. Mtoto ameota meno mawili na anang'ata kila anayembeba, mama mkwe wangu ndiye ameumia zaidi. Nisiseme nimefurahi.

Sasa habari kubwa. Sheria ya afya imepita! Mama, nikueleze kidogo, maana mwanao amekonda kwa ajili ya kazi hii. Zamani hospitali ilikuwa inatibu, halafu inatuletea bili, nasi tunalipa. Kila mwaka bili inapanda. Nilipochora makadirio ya miaka ishirini, niliona kwamba mtoto wangu akianza kazi, afya peke yake itakuwa inakula karibu nusu ya bajeti ya serikali. Walimu watalipwa na nini? Barabara je? Kwa hiyo sasa kila hospitali itapewa fungu moja kwa mwaka, kulingana na watu walioandikishwa kwake. Kitakachobaki ni chake, irekebishe paa, inunue vitanda. Maana yake daktari atafaidika mtu akiwa mzima, siyo akiwa mgonjwa.

Hospitali ya Dada imo katika zile za kwanza. Mwezi wa sita tutafanya uzinduzi mjini kwenu mkoani, na nataka Mama asimame na mimi jukwaani. Mshone nguo mapema.

Mdogo wako

*

Hospitali ya Wilaya, Ofisi ya Daktari Mkuu
22 Februari

Mdogo wangu,

Karatasi ya kwanza ni ya salamu, nimeiandika nyumbani Mama akiwa hapo, na amenisahihisha mara mbili. Hii ya pili naiandika ofisini. Ukinijibu kuhusu haya, tuma barua hapa hospitali, siyo nyumbani.

Nianze na sifa, unastahili. Fungu limekuja kwa wakati. Tumefungua kliniki ya shinikizo la damu na kisukari kila Jumatano, watu wanapanga foleni hadi nje. Wauguzi wanaenda majumbani. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii, nawakamata wagonjwa kabla hawajalala kitandani. Umefanya jambo.

Ila kuna hili. Wiki iliyopita alikuja mke wa kinyozi wa sokoni, yule mrefu. Ana kisukari, na kidonda kwenye kisigino. Zamani ningemwandikia rufaa papo hapo aende hospitali kubwa. Sasa gharama za huko zinakatwa kwenye fungu letu. Mhasibu akaniambia, "Daktari, ukiandika rufaa kwa mtindo huu, kabla mwaka haujaisha tutakuwa hatuna hata glavu." Nikamwambia mgonjwa tutamsafisha hapa hapa, tuone.

Kwenye ile rasimu uliyonionyesha sebuleni kwako kulikuwa na mfuko wa rufaa, pembeni kabisa, nje ya fungu la hospitali. Nauliza tu: ule mfuko umeenda wapi?

Dada yako

*

Idara ya Bajeti
19 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta kwenye vikao, unisamehe kwa kuchelewa. Wifi yako anakusalimu, mtoto ameanza kutambaa na amevunja miwani yangu.

Kuhusu mfuko: umesogezwa awamu ya pili. Ni mambo ya ukomo wa bajeti, nisikuchoshe nayo. Kuhusu mke wa kinyozi, naona uliamua vizuri. Hilo ndilo tunalolitaka, daktari afikirie mara mbili.

Halafu sikia. Imetoka orodha ya hospitali zilizobana matumizi, na ya kwanza ni yako! Katibu Mkuu aliniita akaniuliza, "Huyu ni dada yako kweli? Huyu mwanamke ni mashine." Barua ya pongezi iko njiani, uibandike ukutani. Mimi nimepewa idara nzima ya makadirio, nina ofisi yenye pazia. Usimwambie mtu kwamba nililifungua na kulifunga mara kadhaa siku ya kwanza.

Mwambie Mama uzinduzi ni tarehe sita Juni. Nguo imeshashonwa?

Mdogo wako

*

Hospitali ya Wilaya
29 Mei

Mdogo wangu,

Barua zako zote nimezipata, hata ile ya Aprili. Kazi ni nyingi.

Mke wa kinyozi amepona. Wodi ya wanawake imepakwa rangi. Mama anakusalimu. Hatutaweza kuja kwenye uzinduzi, yeye wala mimi. Naomba usiulize zaidi.

Dada yako

*

Idara ya Bajeti
12 Juni

Dada,

Shikamoo.

Niliwawekea viti viwili mbele, karibu na Mkuu wa Mkoa. Vilibaki vitupu, mwisho nikaweka mkoba wangu kwenye kimoja ili visionekane vibaya. Katibu Mkuu akauliza, "Wako wapi watu wako?" Nikasema gari limeharibika njiani. Nimesema uongo mbele ya watu kwa ajili yako.

Ningekuja nyumbani niwaone, lakini gari la wizara lilikuwa linarudi jioni ile ile. Nilimpigia simu jirani yenu, akampelekea Mama, nikaongea naye. Alisema ana mafua tu, akaniuliza mtoto anakula nini, akakata.

Dada, tuseme ukweli. Tangu Januari kila ninachofanya unakipokea kwa "lakini". Kama unaona mimi nimepanda na wewe umebaki wilayani, sema. Siwezi kupigana na mtu aliyenyamaza.

Mdogo wako

*

Hospitali ya Wilaya
28 Juni

Mdogo wangu,

Salamu nitaziweka mwisho, kama nitakuwa nazo.

Mama amekatwa mguu. Ni wa kulia, chini ya goti. Ilikuwa katikati ya Mei. Alinikataza kukuambia hadi uzinduzi wako upite, nami nikamtii upesi kuliko nilivyowahi kumtii katika jambo lolote, kwa sababu ilinifaa.

Mwanzoni mwa Aprili nilimwona anachechemea. Akasema kiatu kimembana. Nilikuwa na haraka, nikakubali. Kisha siku moja ya kliniki naita mgonjwa anayefuata, anaingia yeye. Alikuwa amekaa kwenye benchi na wenzake tangu asubuhi bila kumwambia muuguzi ni mama wa nani. Nikamvua soksi, nikanusa. Wewe huijui harufu ya kidonda cha kisukari. Mimi naijua.

"Tangu lini, Mama?"

"Siku kadhaa tu. Mbona unanitolea macho mbele za watu?"

Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Mlangoni alikuwa amesimama mke wa kinyozi, amekuja kufungwa bandeji yake ya mwisho, ananiangalia. Nikajiuliza, nitamtazamaje huyu nikimwandikia mama yangu rufaa niliyomnyima yeye? Nikajiambia, amepona hapa, na Mama atapona hapa. Nikajiambia hiyo ndiyo haki, mama wa daktari atibiwe kama mama wa kila mtu.

Kama ingekuwa haki tu, ningelala. Lakini ile barua ya pongezi ilikuwa ukutani nyuma ya kiti changu. Nilitaka kubaki wa kwanza. Mdogo wangu, mimi kwa umri huu, nilitaka kubaki wa kwanza kwenye orodha kama mtoto wa shule.

Tukamsafisha kila siku. Kila siku ananiuliza, "Kinaendeleaje?" namjibu, "Vizuri, Mama." Kidole chenye kidonda kikawa cheusi, nikabadilisha dawa. Nilipokuja kusaini rufaa, wekundu ulikuwa umepanda hadi juu ya kifundo na Mama alikuwa anatetemeka kwa homa, haniiti tena jina langu. Nilimpeleka mwenyewe.

Daktari wa upasuaji kule ni kijana niliyemfundisha alipokuwa mwanafunzi. Hakunitambua upesi, nilikuwa nimefunga kitambaa na kuvaa nguo za nyumbani. Akafunua mguu, akasema kwa hasira, "Mmechelewa namna hii kwa nini? Huyu mgonjwa hana ndugu?"

Nikamwambia, "Ndugu yake ni mimi."

Akanitazama, akanijua. Akageukia mguu. Afadhali angenitukana.

Sina wivu na wewe. Nilikuwa nakuonea haya, na wewe ukadhani nakuonea kijicho.

Dada yako

*

Nyumbani
17 Agosti

Dada,

Shikamoo, na nisamehe kwa kukaa kimya kipindi chote hiki. Barua yako niliisoma ofisini nikiwa nimevuta pazia. Yale niliyokuandikia Juni siwezi kuyarudia hata kwa kuyaombea msamaha.

Uliniuliza Februari mfuko umeenda wapi, nikakujibu umesogezwa. Haukusogezwa. Niliufuta, na niliufuta kwa mkono wangu.

Ilikuwa hivi. Katibu Mkuu alitaka mstari wa matumizi ya afya ubaki chini ya ukomo hadi mwaka wa ishirini, la sivyo wakopeshaji wasingesaini na bunge lingeirudisha sheria. Mstari wangu ulikuwa unavuka ukomo mwaka wa kumi na tatu. Akauliza, "Kuna kitu gani cha kupunguza?" Hakunilazimisha, Dada. Sikumsubiri hata amalize. Nikasema, "Mfuko wa rufaa. Wagonjwa wa rufaa hawana chama, hawaandamani." Watu mezani wakacheka. Nami nikacheka.

Na nilijua. Mgonjwa asiyepelekwa mapema hapotei kwenye bajeti, anarudi baadaye akiwa ghali zaidi. Anarudi akitaka upasuaji, kiti cha magurudumu, mguu wa bandia, mtu wa kumhudumia aliyeacha kazi yake. Gharama hiyo inakuja polepole, miaka mingi mbele. Kwenye jedwali langu niliiandika sifuri. Mstari ukanyooka vizuri, kila mtu akanipa mkono.

Sasa lingine, na hili ndilo linalonifanya niandikie nyumbani, siyo ofisini. Julai nilikuja. Sikumwambia mtu. Nilishuka kwenye basi nikatembea hadi hospitalini kwako, maana jirani aliniambia Mama anafanya mazoezi huko. Nilimwona kutoka nje ya uzio. Alikuwa kwenye magongo, wewe umemshika kiuno kwa nyuma, mtu wa mazoezi wa hospitali anarudi kinyumenyume mbele yake anamwita. Mama alikuwa anamtania jambo, nilimsikia akicheka. Upindo wa gauni ulikuwa unapeperuka upande mmoja ambapo hapakuwa na kitu.

Mlinzi akanifuata. "Mzee, unamtafuta nani?"

Nikamjibu, "Nimepotea njia."

Nikarudi stendi.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa Katibu Mkuu. Nikamwambia makadirio yana makosa. Akauliza, "Makosa ya nani?" Nikasema, "Yangu." Akafunga faili. "Basi yaache yabaki yako." Sitayaacha. Kamati ya Bunge inakaa Oktoba, nimeomba nafasi.

Mdogo wako

*

Hospitali ya Wilaya
1 Septemba

Mdogo wangu,

Nimesoma. Sina la kukuambia leo ambalo halitakuwa baya.

Ujue tu kwamba Mama anajua ulifika. Mlinzi alimsimulia, kuna bwana mmoja mwenye miwani iliyofungwa gundi, amelia kwenye uzio, amesema amepotea. Mama akamjibu, "Huyo simjui." Kisha akaomba arudishwe ndani, na siku ile hakufanya mazoezi tena.

Dada yako

*

Wizara ya Fedha
24 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Kamati ilikaa Jumanne.

Nilipeleka jedwali jipya. Mfuko wa rufaa umo, na gharama za wale wanaochelewa zimo, mwaka hadi mwaka. Mstari unavuka ukomo mwaka wa kumi na tatu, kama ulivyokuwa mwanzo. Mbunge mmoja, mama mtu mzima, alilitazama muda mrefu, akavua miwani.

"Kwa hiyo la kwanza lilikuwa uongo."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Ulikosea, au ulijua?"

"Nilijua."

"Na leo nini kimekubadilisha?"

Dada, jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimejiandaa kumtaja Mama, nilikuwa nimepanga hadi sehemu ya kunyamaza kidogo. Nilipofungua mdomo nikaona nataka kumsimamisha jukwaani mara ya pili. Nikasema, "Taarifa kutoka hospitali za wilaya." Akaandika hivyo, tukaendelea.

Sheria inabaki, na nadhani ni vizuri ibaki. Bila hiyo tungezama sote, hesabu hiyo bado ni ya kweli. Mfuko wa rufaa unarudi mwaka ujao wa fedha. Pesa zake zitatoka kwa kuongeza michango ya wenye mishahara mikubwa, na tayari magazeti yamewaka. Mama mkwe wangu, ambaye naye atakatwa, haongei na mimi.

Mimi nimehamishiwa kitengo cha magari ya serikali. Kazi yangu ni kujua gari lipi limekwenda wapi na kwa mafuta kiasi gani. Chumba kiko karibu na gereji, hakina pazia. Hakuna aliyenipigia makofi, wala sikustahili kupigiwa. Mfuko umerudi, mguu haurudi.

Nataka kuja. Naomba unisaidie kumuuliza Mama kama naweza.

Mdogo wako

*

Nyumbani kwa Mama
6 Novemba

Mwanangu,

Mwandiko ni wa dada yako, maneno ni yangu. Nimemwambia akibadilisha hata neno moja nitajua, kwa sababu akimaliza atanisomea.

Sisi hatujambo kiasi. Kikohozi kimenipata, kimepita.

Nilimwambia dada yako alete zile karatasi za pili, zile mlizokuwa mnaandikiana ofisini kana kwamba mimi mtoto mchanga. Akakataa. Nikamwambia nitazifuata mwenyewe kwa magongo. Akazileta, zako pamoja na nakala za zake. Amenisomea zote kwa mfululizo.

Sasa sikilizeni na yangu. Kile kidonda nilikificha mwezi mzima. Siyo siku kadhaa. Sokoni watu walikuwa wameshaanza, eti mama wa daktari ndiye atakayemaliza fungu la hospitali. Nikaona haya. Nikawa najifunga kitambaa mwenyewe na kutia maji ya chumvi. Yaani watu wazima watatu, kila mmoja anaona haya kivyake, na mguu unaoza katikati yetu.

Hiyo hesabu ya miaka ishirini nimeielewa, usinieleze tena. Miaka ishirini ijayo mimi sitakuwepo, lakini mjukuu wangu atakuwepo, na sitaki akute serikali imefilisika kwa kutibu wazee kama mimi. Wala sitaki aambiwe wazee walinyamazishwa ili hesabu ipendeze. Hayo ya bungeni umefanya vizuri. Na kunyamaza kuhusu mguu wangu umefanya vizuri zaidi.

Dada yako namwonea huruma. Kila jioni anaosha ule mguu uliobaki, anaukagua kidole kwa kidole, kama mtu anayetumikia kifungo. Nimemwambia aache kuosha kwa kuinamisha kichwa hivyo, maji yanamwagika. Anaandika hapa huku analia, na mimi namwacha alie.

Unauliza kama unaweza kuja. Mimi nilimwambia mlinzi simjui mtu wa kwenye uzio, na nilikuwa na maana hiyo. Mtoto niliyemzaa angeingia.

Wote wawili mnataka niwaambie yamekwisha. Hayajakwisha. Nina hasira, hasa asubuhi, ninapoamka nimesahau na kutaka kusimama. Siku nyingine hasira ni kwa dada yako, siku nyingine ni kwako, siku nyingine ni kwangu mwenyewe. Lakini hasira yangu siwezi kuituma posta. Nataka niwatolee mkiwa mbele yangu, humu ndani, wote wawili, mniangalie usoni na mguu muuangalie, halafu tutapika tule.

Sijasema nimesamehe. Nimesema njoo.

Mama yenu